Diski ya Picha za Harusi Iwe na Jina Lake



Najua mmezoea nikiwaandikia habari za mashela, mikono mirefu isiyobana, na vitambaa visivyotoa mwanga mbele ya taa za ukumbini. Leo nataka kuzungumza juu ya kompyuta ya nyumbani. Msikimbie. Bibi harusi anachagua shela miezi mitatu, singo anaipaka wiki nzima, hina anaikalia usiku kucha, halafu picha za hayo yote zinaishia kwenye kidude cheusi kinachotoshea kiganjani, na hakuna anayeuliza kidude hicho kinaitwaje wala kimechomekwa wapi.

Kazi yangu mnaijua. Nilipomaliza skuli nilisoma ushoni, nikaanza na cherehani moja ya miguu, na sasa nina duka la mashela ya kukodi na kushona, pamoja na mashine ya kutarizi inayosoma michoro kwenye flashi. Mtoto wa kaka yangu anapiga picha. Tunachukua shughuli za wanawake tu, siku ya hina na siku ya kupambwa, kwa mabibi harusi wasiotaka mpigapicha mwanamme aingie. Kwa hiyo kompyuta yangu, iliyoko nyumbani na si dukani, ina vitu vya aina mbili: michoro ya nyuzi, na sura za wanawake wakiwa vichwa wazi, nywele zimeachwa, mikono wazi, wanacheza na kucheka na mama zao. Wamekubali kupigwa kwa sababu wameambiwa hazitatoka. Hiyo ni amana, na sisi tumeamrishwa amana tuzirudishe kwa wenyewe.

Sasa kompyuta ya nyumbani ni kama barazani, kila mtu anapita. Mwanangu mkubwa anachomeka flashi ya kazi za skuli. Mdogo ana ya katuni. Baba yao ana ya mihadhara anayosikiliza garini. Mteja analeta flashi yake yenye mchoro wa herufi za jina la mumewe mtarajiwa anaotaka utariziwe kwenye mto. Kadi ya kamera inaingia na kutoka. Na kando kuna zile diski kubwa za nje ambazo ndizo zenye mali. Vyote vinagombea matundu manne.

Kompyuta za Windows hazivitambui vitu hivi kwa sura. Kila kinachochomekwa hupewa herufi. C ni ya ndani ya kompyuta yenyewe, na wageni hupewa kuanzia D au E, wanavyofika. Mkishangaa A na B zimekwenda wapi, zilikuwa za zile diski laini za zamani. Kompyuta za IBM za mwaka 1981 zilikuwa na tundu moja au mawili ya diski hizo, na diski ngumu ilipokuja kuwekwa ndani ikachukua herufi iliyofuata. Zile za laini zimeshakufa, lakini C imebaki C mpaka leo, kama nyumba inayoitwa kwa jina la mpangaji aliyehama zamani.

Herufi hiyo basi si jina. Ni kiti. Nendeni ukumbini muone: kiti cha mbele cha tatu leo kakaa mama wa bibi harusi, akiinuka kwenda kusalimia watu, akirudi kakikuta kimekaliwa na jirani. Kiti ni kilekile, mtu ni mwengine. Ukimtuma mtoto, “Mpelekee sahani aliyekaa kiti cha tatu,” sahani itafika kwa jirani, na mtoto hana kosa.

Na kinachotuchanganya ni kwamba mara nyingi mambo huenda sawa. Kompyuta hukumbuka kwamba diski fulani mara ya mwisho iliitwa E, na ukiichomeka tena hujaribu kuipa E ileile. Wiki ya kwanza E, mwezi wa pili E, mwaka mzima E. Mtu anaona hilo ndilo jina la diski yake. Mpaka ije siku diski haipo, iingie flashi ya mtu, kompyuta itazame herufi ya chini kabisa iliyo wazi, na iliyo wazi ni E.

Kwetu siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Fundi mmoja kijana alikuwa ametuwekea programu ya kunakili. Kila Alhamisi saa nne za usiku inachukua picha zote mpya zilizomo kwenye kompyuta na kuzipeleka E, bila ya mtu kugusa kitu. Alituhakikishia kwamba itafanya wenyewe sisi tukiwa tumelala, na kweli ilifanya kwa miezi mingi. Alhamisi ile diski ilikuwa imetoka na mtoto wa kaka yangu, amekwenda nayo kumwonesha bibi harusi mmoja picha zake nyumbani kwao. Kwenye kompyuta kulikuwa na flashi ya mteja mwengine kabisa, aliyeiacha ili tuuchukue mchoro wake. Saa nne zikafika. Programu ikaamka, ikaiona E, ikafanya ilichoagizwa.

Asubuhi baada ya alfajiri mtoto akataka kuongeza kitu kwenye ile flashi, ikamkatalia, imejaa. Akaifungua. Alikuja chumbani ameshika mdomo.

“Shangazi, picha za juzi zimo kwenye flashi ya watu.”

Flashi ilikuwa haijatoka nje ya mlango wetu, alhamdulillah. Mwenyewe alikuwa aje kuichukua siku ile ile baada ya swala ya Ijumaa. Nilihesabu saa zilizobaki, miguu ikaniisha nguvu. Ingekuwa mteja ni wa asubuhi, picha za mtoto wa watu akiwa na kanga kifuani anapakwa singo zingekwenda zake kwenye pochi ya mtu asiyemjua, zikaingia kwenye kompyuta ya kaka zake huko, na baada ya hapo nani atazirudisha?

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui, na nataka mlishike hata kama mengine mtayasahau. Ukifuta kitu kwenye flashi, hakiendi kwenye lile pipa la taka la kompyuta ukakiokota baadaye. Kinaondoka machoni papo hapo. Lakini kuondoka machoni si kuondoka. Kompyuta inafuta anuani tu, na picha zenyewe zinaweza kubaki palepale mpaka kitu chengine kiandikwe juu yake. Ziko programu za kuzirudisha, na mafundi wengi wa kompyuta wanazo na huzitumia kila siku kuwasaidia watu waliofuta kwa bahati mbaya. Kwa hiyo kufuta na kumpa mwenyewe flashi yake kungekuwa kujidanganya. Nilinunua mpya, kubwa kuliko ile, tukahamishia vitu vyake vyote, tukavihakiki kimoja kimoja. Ya zamani niliiweka sakafuni nikaipiga kwa ile nyundo yangu ya kupachikia vifungo mpaka ikawa vipande. Mwenyewe alipokuja nikamwambia kweli, kwamba kazi ya mteja mwengine iliingia humo bila ya kukusudiwa, na hii mpya ni yake. Hakuuliza zaidi. Mwanamke mwenye adabu zake.

Kisha nikampigia simu bibi harusi. Dada zangu wa biashara wameniambia baadaye kwamba sikuwa na haja, kwa kuwa hakuna aliyeziona. Mimi sikubaliani. Mwenye mali ana haki ya kujua mali yake ilifika wapi, hata kama ilirudi salama. Alinyamaza, nikasikia pumzi yake. Kisha akauliza swali moja tu.

“Dada, na hiyo diski yenu inayowekwa picha zetu, yenyewe inaitwaje?”

Nilikwenda kuitazama. Ilikuwa imeandikwa New Volume, neno ambalo kompyuta huiandika yenyewe diski isiyopewa jina. Ya pili nayo New Volume. Mbili sawasawa, rangi moja.

Baada ya hapo ndipo tulipokaa chini, mimi na mtoto, tukaipanga nyumba. Na si kazi ngumu. Kuna mambo mawili tofauti ambayo watu huyachanganya: jina, ambalo diski hutembea nalo popote iendako, na herufi, ambayo ni ya kompyuta yako wewe. Vyote viwili vinaweza kuwekwa vikatulia.

Jina ni rahisi. Fungua pale zinapoonekana diski zote, weka mshale juu ya diski yako, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, chagua Rename, andika. Basi. Kuanzia hapo ukiichomeka hapa, kwa jirani au Pemba, itajitaja kwa jina hilo. Msiandike refu. Flashi nyingi hazipokei jina linalozidi herufi 11, na nafasi kati ya maneno ni ya kuepuka kwa sababu programu nyengine husumbuka nayo.

Herufi inataka hatua mbili tatu, na lazima uwe umeingia kwa akaunti yenye ruhusa ya msimamizi. Bonyeza kitufe cha kulia juu ya alama ya Windows iliyo chini ya kioo, chagua Disk Management, na utaona diski zako zimepangwa mfano wa vipande vya kitambaa mezani. Humo mtu anaweza pia kufuta diski nzima, kwa hiyo usibofye neno usilolijua, na watoto wasiwepo. Itafute diski yako kwa jina ulilokwishaipa, na ndiyo sababu jina linatangulia. Bonyeza kitufe cha kulia juu yake, chagua Change Drive Letter and Paths, kisha Change, halafu chagua herufi. Kompyuta itakuonya kwamba programu zinazotegemea herufi ya zamani huenda zisifanye kazi. Onyo hilo ni la haki, nitalirudia baadaye. Kubali.

Herufi ipi? Wageni huketishwa kuanzia mwanzo, D, E, F, G. Kwa hiyo diski zako za amana zipeleke mbali, kule ambako flashi ya mpita njia haitafika. Hata matundu yote yakijaa pamoja na kadi ya kamera, mtu hatafika N. Mwisho kabisa nako si pazuri sana, kwa sababu ukiunganisha folda ya kompyuta nyengine kwa mtandao, Windows hupendekeza Z kwanza na kushuka chini. Sisi tukachagua katikati, na mtoto akaja na wazo lililonifurahisha: jina na herufi vifanane. Diski ya picha za harusi inaitwa PICHA na herufi yake ni P. Ile ya pili inayobeba nakala inaitwa NAKALA na herufi yake ni N. Michoro ya kutarizi ni UZI, U. Ya familia ni WATOTO, W. Hata mama mkwe wangu, ambaye hataki kusikia habari za kompyuta, anaweza kusoma hilo.

Mtaona hakuna jina la mteja hapo. Zamani mtoto alikuwa na kadi yenye jina la bibi harusi pamoja na jina la ukumbi. Niliikataza. Kikianguka kitu kwenye daladala, aliyekiokota asijue ni cha nani wala kina nini. Ndani kuna folda zinazoanza kwa mwaka, mwezi na namba ya mteja, mfano 2024-08-03, na namba hiyo iko kwenye daftari langu la oda ambalo halitoki dukani. Ukianza na mwaka, folda zinajipanga zenyewe kwa mfuatano. Ukianza na siku zinachanganyika, Agosti na Disemba pamoja.

Flashi ya mashine ya kutarizi tumeiacha peke yake. Mashine yangu, kama nyingi za aina yake, inataka flashi iliyopangwa kwa mfumo wa zamani wa FAT32, na haijali inaitwa nani. Nimeipa jina TARIZI ili sisi watu tuijue. Herufi yake naiacha ibadilike inavyotaka, kwa sababu hakuna kinachoitegemea. Si kila kitu kinahitaji kufungwa kamba.

Sasa lile onyo. Ukishabadilisha herufi, programu ya kunakili bado inaijua ile ya zamani. Lazima uifungue uiambie: usipeleke E tena, peleka N. Na faida yake ndiyo hii. Alhamisi ambayo NAKALA haipo, programu inatafuta N, haioni kitu, inaandika kwamba imeshindwa. Asubuhi tunakuta maandishi mekundu, tunaichomeka, tunaianzisha tena. Kuna watu wanaona programu inayokataa ni mbovu. Mimi naipenda inayokataa. Msichana wa kazi anayesema “sijakuta mtu nikarudi nacho” ni bora mara mia kuliko anayeacha mzigo kwa mtu yeyote aliyefungua mlango.

Nisije nikawapa matumaini makubwa kuliko kitu chenyewe. Herufi uliyoiweka ni ya kompyuta ile tu. Mtoto alipoichomeka PICHA kwenye laptopu yake ilikuja kama D, akashtuka. Jina lilikuwa lilelile, herufi ikabidi iwekwe upya kule nako. Kompyuta ikipangwa upya kutoka mwanzo, herufi zote zinasahaulika. Na ikitokea kifaa kingine kimeikalia N wakati diski yako haipo, kitapewa hicho. Ndiyo maana mbali ni bora kuliko karibu, lakini jicho halina mbadala. Kabla ya kunakili kwa mkono, sisi husoma jina, hatusomi herufi.

Wenye Mac hawana habari za herufi. Kwao diski hufunguka kwa jina lake moja kwa moja. Lakini wasijione wamepona: wakichomeka mbili zenye jina moja, ndani kwa ndani ya pili huongezewa namba 1 mwishoni, na hapo programu inaweza kuchukua isiyo yake. Dawa ni ileile, kila moja na jina lake.

Kama kompyuta yako ina Windows ya daraja la Pro, kuna pia kufuli iitwayo BitLocker, ambayo hufunga diski ya nje kwa neno la siri. Windows ya Home inaweza kuifungua diski iliyokwishafungwa, ila yenyewe haifungi. Sisi PICHA na NAKALA zote zimefungwa. Neno la siri tunalijua watu wawili. Ule ufunguo mrefu wa akiba wenye namba 48 nimeuandika kwenye karatasi na kuutia pamoja na hati za nyumba, kwa sababu ukipotea na neno la siri ukalisahau, hakuna fundi wa kukufungulia.

Na nyinyi mabibi harusi, msione haya kuuliza. Mnauliza kitambaa kimetoka Dubai au Oman, ulizeni na hili. Picha zangu zitakaa kwenye diski gani? Ina jina? Nani mwengine anachomeka vitu vyake kwenye kompyuta hiyo? Nakala ziko ngapi, na mtazifuta lini? Mpigapicha akikujibu kwa hasira, hilo nalo ni jibu. Kwangu utaratibu ni kwamba nakupa flashi yako mkononi, si kwa dereva, nasubiri unipigie uniambie umezifungua zote na umeziona, ndipo tunapoondoa kwenye kompyuta, kwenye PICHA na kwenye NAKALA. Mwengine anataka tumwekee mwaka mzima kwa sababu anaogopa kupoteza. Sawa, anaandika kwenye daftari kwa mkono wake.

Yule aliyeniuliza swali kwenye simu alirudi mwezi uliopita na mdogo wake, wanataka shela. Akaomba kwanza aoneshwe diski. Nikamtolea. Nimeishonea mfuko wa mabaki ya hariri, una pamba ndani isigongwe, na juu nimetarizi neno PICHA kwa uzi wa dhahabu na herufi P kwenye kona. NAKALA ina mfuko wa kijani, na inalala nyumbani kwa kaka yangu kila isipokuwa Alhamisi. Mdogo mtu akaugeuzageuza ule mfuko, akasahau shela, akataka kujua kama naweza kumshonea wa kwake wa kuwekea flashi, rangi ya mauwa yake ya hina. Tumekubaliana maruni, uzi wa fedha.